Kuku wa Dakika Tatu

Jumanne, 12 Novemba

Theluji ya kwanza, nyepesi kama unga uliopepetwa. Kikao cha Bodi ya Bustani kimefanyika saa moja jioni, chini ya maktaba. Watu kumi na wanane wamehudhuria. Kwa kawaida huwa watatu, mimi mwandishi wa gazeti nikiwemo, na mmoja wa hao watatu huwa amekosea chumba.

Kilichowaleta ni kibanda cha joto. Mwezi uliopita mjumbe Gary Wieczorek alisema kwamba paa la kibanda kilichoko kando ya uwanja wa barafu linavuja, na labda wananchi waulizwe kama kibomolewe theluji ikiisha, pawe maegesho ya magari. Hakusema anataka hivyo. Alisema "labda". Hapa Ostby, mji wetu mdogo wa kaskazini, neno "labda" likishatamkwa kikaoni huanza kutembea lenyewe, kama gari lililoachwa mlimani bila breki ya mkono.

Kibanda chenyewe ni chumba kimoja cha mbao chenye jiko la kuni katikati na mabenchi yaliyochanjwa na vyuma vya viatu vya kutelezea. Anayekifungua kila mchana barafu ikishashika ni Arlys Stenerud, mjane wa miaka sabini na tisa. Anawasha jiko, anawafunga watoto wa watu kamba za viatu, anauza chokoleti ya moto. Binti yake anaishi Arizona na ana chumba cha ziada. Kila Desemba humpigia simu: "Mama, njoo ukae juani." Kila Desemba Arlys humjibu: "Na jiko awashe nani?" Jibu hilo likiondoka, hana jingine. Ameniambia mwenyewe leo pale mlangoni, akikung'uta theluji viatuni.

"Doreen, wakikibomoa naondoka. Arizona! Kule hata mjusi anatafuta kivuli."

Utaratibu wa maoni ya umma ni huu: unasimama kwenye kipaza sauti, unataja jina na mtaa wako, unapewa dakika tatu. Bodi haimjibu wala haimkatizi msemaji, hairuhusiwi. Muda hupimwa na saa ya jikoni yenye umbo la kuku, mali ya mjumbe LaVonne Aune. Ukishamzungusha shingo kuku huyo hana pa kuzimwa. Anatiktika mpaka dakika zake ziishe, kisha analia.

Arlys ametangulia. Kabla ya kusimama ameweka sinia la keki ya siagi ya karanga kwenye meza ya nyuma, imekatwa vipande vya mraba. Maneno yake nayanukuu yote:

"Sitaki kuwasumbua. Najua mmelifikiria hili vizuri kuliko mimi. Maegesho ni kitu kizuri, watu wana magari. Ni wazo la aina yake. Keki ziko kule nyuma, msiniachie."

Kila mwenyeji aliyekuwemo chumbani ameelewa kwamba mwanamke huyu ameipiga bodi ngumi ya uso. "Wazo la aina yake"! Mama yangu alilitumia neno hilo mara moja tu maishani, siku kaka yangu alipotangaza kwamba anataka kujiunga na sarakasi.

Akafuata Merle Tvedt, fundi bomba mstaafu, ambaye ndiye anayeumwagia uwanja maji ili yagande. "Nimeona mabaya kuliko haya," amesema. "Ningeweza kuishi nalo." Nyuma yangu mtu akavuta pumzi kwa mshtuko. Merle amekasirika kweli.

Wamezungumza kumi na mmoja, wote kwa ukali wa namna hiyo. Kuku hakumlilia yeyote akiwa bado kwenye kipaza sauti, maana hakuna aliyemaliza muda wake.

Bodi ina karani mpya, Renata Colucci, kutoka New Jersey. Amekuja Septemba. Anaandika upesi, kichwa chini, hamtazami anayesema. Nimemwona mtu mzito wa kuelewa. Baada ya kikao amekwenda nyuma akachukua kipande cha mwisho cha keki. Kizima. Hapa kwetu kipande cha mwisho hakichukuliwi. Mtu hukikata nusu, anayefuata hukata nusu ya nusu, mpaka mwenye sinia anarudi nyumbani na chembe. Watu wote wameanza kutafuta glavu zao. Yeye amelamba vidole akasema, "Tamu balaa."

Alhamisi, 14 Novemba

Gazeti limetoka. Nimeandika walichosema, neno kwa neno, kama nilivyofanya miaka yote. Simu nne kabla sijavua koti. Ya kwanza Merle.

"Doreen, umeandika nimesema ningeweza kuishi nalo!"

"Ulisema, Merle."

"Nilisema, ndiyo. Sasa ndo ukaandika?"

"Ulitaka niandike nini?"

"Nilichomaanisha!"

"Hicho hukukisema."

"Kila mtu alikisikia," akasema, akakata. Kisha akapiga tena kuomba radhi kwa kukata.

Jumatano, 20 Novemba

Baridi. Gari limekataa kuwaka. Nimetembea.

Jumamosi, 7 Desemba

Karamu ya samaki kanisani kwa Walutheri. Samaki mkavu aliyelowekwa kwenye magadi mpaka akawa kama uji wenye mifupa, halafu anamiminiwa siagi. Kila mwaka kila mtu anasema ni mtamu. Sijawahi kuona mtu anaongeza.

Meza moja na mimi alikuwepo Duane Pfeifer, daktari wa meno na mwenyekiti wa bodi. LaVonne Aune akaja akakaa na sahani yake. Mazungumzo yakaenda vizuri, mvua ya barafu, magoti ya watu. Kisha Wieczorek akatokea na trei, akasimama, akatuhesabu kwa macho. Wajumbe watatu wakikaa pamoja na kuongelea bustani, kisheria hicho ni kikao, na kikao kisichotangazwa ni kosa.

"Nitakula pale kwenye makoti," akasema Wieczorek.

"Kaa, Gary, hatuongelei bustani," akasema Duane.

"Ukinikaribisha nikae, tayari tumeshaanza kuelekea huko."

Akaenda kula kwenye makoti. Hivyo ndivyo ilivyo: watu watano wanaoamua mambo ya bustani za mji huu ndio watu pekee mjini wasiojua wenzao wanne wanafikiri nini.

Jumanne, 10 Desemba

Kikao. Umesomwa muhtasari wa mwezi uliopita. Nanukuu: "Wananchi kumi na mmoja walitoa maoni kuhusu pendekezo la kubomoa kibanda cha joto. Wanaounga mkono: kumi na mmoja. Wanaopinga: hakuna."

Nimewatazama watu nyuso. Arlys alikuwa amekaa mstari wa pili, mikono juu ya mkoba, kama mtu aliyeambiwa amefariki na anaona si adabu kubisha.

"Kuna marekebisho?" Duane akauliza. Amewaangalia wananchi. Wananchi wakamwangalia Renata. Renata akatabasamu, amevaa blauzi mpya, na kazi yake ya kwanza yenye jina lake ndiyo ile inasomwa.

Hakuna aliyeinua mkono.

"Basi umepitishwa," Duane akasema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino na mwenzake wa kazi. "Kwa kuwa wananchi wameunga mkono, pendekezo litapigiwa kura Februari."

Sinia la Arlys: keki ya tufaha na mdalasini. Kipande cha mwisho, Renata.

Jumatano, 11 Desemba

Nimekunywa kahawa mgahawani na Merle na Arlys. Nje theluji inaanguka kwa ubavu.

"Mbona hamkusema kitu?" nikawauliza.

"Ningesemaje?" Merle akajibu. "Mtoto wa watu, mgeni, hana hata miezi mitatu. Nimuumbue mbele ya bodi?"

"Na blauzi ile," akasema Arlys. "Aliinunua kwa ajili ya kikao. Niliona alama ya kukunjwa dukani."

"Arlys, utahamia Arizona kwa sababu ya blauzi?"

Akakoroga kahawa yake isiyo na sukari. "Nimemwambia binti yangu anitumie picha ya kile chumba."

"Kikoje?"

"Kina feni."

Merle akainamisha kichwa kama yuko msibani. Halafu akanigeukia. "Doreen, wewe ungeandika tu gazetini kwamba tunapinga."

"Semeni mnapinga, nitaandika."

"Tumesema!"

"Mlisema maegesho ni kitu kizuri."

"Ndiyo," akasema Merle, "kwa uchungu."

Alhamisi, 19 Desemba

Barafu imeshika. Arlys amefungua kibanda. Moshi wake unaonekana kutoka dirishani kwangu.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Nimelala mpaka saa tatu.

Jumanne, 14 Januari

Nje ni baridi ya kugandisha kope. Kikao kimejaa. Nimesikia kwamba wananchi wamekutana nyumbani kwa Merle na kukubaliana kwamba safari hii hawatamung'unya maneno.

Merle ndiye aliyebebeshwa. Amesimama, ametaja jina, ametaja mtaa, ameshika meza kwa mikono miwili. Kuku akaanza.

"Bwana mwenyekiti. Nawaheshimu wote. Lakini siwezi kusema kwamba nimefurahi sana."

Mtu mmoja nyuma, akishtushwa na ukali huo, amesema "Merle, jamani!" na mkewe Merle ametazama chini. Merle ameketi. Wanane waliofuata wamesema wanakubaliana naye kwa kiasi fulani.

Arlys hakusimama. Alileta keki ya malimau.

Nimempita Renata mezani nikaona alivyoandika: "Hawana upande: tisa."

Jumatano, 15 Januari

Mgahawani kuna shangwe. Habari za "hawana upande" zimesambaa.

"Tumefika katikati!" akasema Merle. "Kutoka kuunga mkono mpaka katikati, kwa kikao kimoja! Miezi miwili mingine tutakuwa tunapinga."

"Kura ni mwezi ujao," nikamkumbusha.

Akaweka kikombe chini. "Huko ni kuharakisha mambo," akasema.

Jumamosi, 25 Januari

Nimekwenda uwanjani kupiga picha ya watoto kwa ukurasa wa mbele. Wiki hii hakuna habari nyingine. Nilikuwa ndani ya kibanda nikipasha moto kamera wakati mlango ulipofunguka na Renata akaingia, amelowa upande mmoja mzima, kiwiko kikivuja damu. Alikuwa anajaribu kuteleza kwa mara ya kwanza, amevaa viatu vya kukodi alivyovifunga kama raba.

"Keti," akasema Arlys. Hakumuuliza kitu. Akamvua viatu, akamsugua miguu kwa taulo la jikoni, akamwekea kikombe mkononi. Kisha akapiga magoti sakafuni, miaka sabini na tisa, akaanza kumfunga kamba upya kutoka chini kwenda juu, akivuta kila tundu.

"Ulifunga juu tu," akamwambia. "Kifundo kikilegea, hata malaika ataanguka."

Renata akatazama huku na huku: jiko, glavu zilizoning'inizwa, watoto waliobanana benchini kama vifaranga. Ikawa kama anahesabu kitu kisichojumlika.

"Mama Stenerud, niulize kitu?"

"Uliza, mwanangu."

"Mbona mnataka hapa pabomolewe? Nimekaa mji huu toka Septemba, na hapa ndo mahali pa kwanza nimesikia joto. Lakini wewe ndiye uliyeunga mkono wa kwanza kabisa. Niliandika mwenyewe. Nikasema, aa, basi pana shida ambayo mimi sijaiona."

Arlys alikuwa bado ameshika kamba. Nilimwona anafungua mdomo. Nilijua kwamba neno limefika kwenye meno.

"Paa linavuja kidogo," akasema. "Jaribu kusimama."

Renata akasimama. Akatoka. Hakuanguka.

Miezi hii yote nilimdhania mzito. Si mzito. Ndiye mtu pekee mjini anayeamini kwamba watu wakisema kitu wanakimaanisha, na anakiandika hivyo. Ukiniuliza kazi yangu ni nini, nitakujibu ni hiyo hiyo. Ni jambo baya kuligundua umesimama karibu na jiko na huna pa kujificha.

Jumatatu, 3 Februari

Arlys amekuja ofisini kwangu, koti limefungwa mpaka kidevuni.

"Kule New Jersey," akauliza, "mtu akikuambia hapana, unafanyaje?"

"Unasema sawa. Kule ni neno kama habari za asubuhi."

"Hawanuniani?"

"Wananuniana kwa mambo mengine."

Akakaa. "Yule binti nimemdanganya, Doreen. Usoni. Aliniuliza swali zuri, la moja kwa moja, nikamjibu habari za paa. Nilidhani namfichia aibu yake. Kumbe nilikuwa nafichia yangu." Akanyoosha glavu magotini. "Nataka kujaribu kulisema. Nisikilize."

"Haya."

"Hapana," akasema, "ila kama mmeshaamua."

"Hiyo imekuwa ndiyo."

"Hapana, lakini nawaelewa."

"Bado ndiyo."

"Hapana… samahani."

"Karibu. Ondoa mkia."

Akafumba macho. Nimeripoti moto, mafuriko, na kesi moja ya mauaji ya shangazi, na sijaona mtu akijikaza hivyo. Hakuweza. Akaondoka akiniombea heri, na akaacha nusu dazani ya mikate ya viazi juu ya taipureta ya zamani.

Alhamisi, 6 Februari

Theluji mpaka dirishani. Binti wa Arlys ameshakata tiketi ya ndege. Ya kwenda tu.

Jumanne, 11 Februari

Nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Watu wamekuja hivyo hivyo, na bomba la kupasha joto lililo karibu na kiti changu limegongagonga jioni nzima kama mtu anayetaka kutolewa.

Arlys ameingia na sinia lake, keki ya siagi ya karanga kama ile ya Novemba. Ameliweka nyuma, akafunua karatasi, akaenda moja kwa moja kwenye kipaza sauti. Hata koti hakuvua.

"Arlys Stenerud, Mtaa wa Birch."

LaVonne akamzungusha kuku shingo.

"Hapana," akasema Arlys.

Tukasubiri mkia wa sentensi. Haukuja.

Kuku akaendelea. Arlys akaendelea kusimama. Dakika tatu ni zake. Kuondoka mapema ni kutupa kitu ulichopewa, na yeye si mtu wa kutupa. Duane alimtazama LaVonne. LaVonne alimtazama kuku. Kuku hana pa kuzimwa. Bodi hairuhusiwi kusema. Wananchi hawawezi kusema katika muda wa mwingine. Basi tukakaa, watu arobaini, tukisikiliza tik tik tik.

Sijui niandikeje kwa msomaji asiye wa hapa. Sisi hujaza ukimya kwa hali ya hewa. Tukiachwa na ukimya mtupu tunaumwa. Mtu alikohoa akasema samahani, halafu akaona haya kwa kusema samahani. Wieczorek alitoa kitambaa akajifuta shingo, kwenye baridi ile. Mkewe Merle alimshika Merle mkono, na sijawaona wakishikana mikono tangu walipooana. Nyuma, vipande vya keki vilikaa vimepangwa, hakuna aliyethubutu hata kuviangalia. Renata alikuwa amenyanyua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu aje alikuwa anamtazama anayesema, na anayesema alikuwa amenyamaza, amenyooka, macho makavu.

Kuku akalia. Watu arobaini wakaruka.

"Asante kwa maoni yako," Duane akasema.

Merle akasimama. "Merle Tvedt, Mtaa wa Tatu. Kama alivyosema yeye." Akaketi. Wakafuata wengine, mmoja mmoja: kama Arlys, kama Arlys, mimi pia kama Arlys.

Ndipo Renata akainua mkono, jambo ambalo makarani hawafanyi.

"Mwenyekiti, samahani. Sasa sielewi. Novemba watu hawa waliunga mkono."

Duane akavua miwani. "Nadhani Novemba walikuwa wanapinga."

"Wote?"

"Wote."

"Na Januari?"

"Januari walikuwa wanapinga vikali."

"Na wewe ulijua?"

"Mimi nilijua. Lakini muhtasari ulikuwa umeshasomwa, na nilidhani wenzangu wanayataka hayo maegesho."

"Nani, mimi?" akasema LaVonne. "Mimi nina gari moja na silipendi!"

"Mimi nilisema paa linavuja tu, jamani," akasema Wieczorek. "Nilisema labda!"

Renata akawatazama wajumbe, kisha wananchi, mstari kwa mstari. "Yaani mlikuwa tayari kubomoa nyumba ili mimi nisione aibu?"

Watu wakatazama viatu vyao, na hapa kwetu hilo ni jibu.

"Ndo kwanza ulikuwa umeanza kazi," Merle akasema hatimaye.

"Mzee Tvedt, kwetu wangenirushia kiti!"

"Pole," akasema Merle.

"Usinipe pole! Wangenirushia kiti, ningekiandika kiti, na ningejua tumekubaliana nini!"

Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Kisha akacheka, kicheko kikubwa cha watu wa pwani yao, na kwa kuwa hatukujua la kufanya, nasi tukacheka, kwa kiasi.

Kura: watano kwa sifuri. Kibanda kibaki, paa litengenezwe.

Arlys hakushangilia. Wakati watu wanamzunguka kumpongeza alikuwa anavaa glavu. "Nimekuwa mkali sana," akaniambia. "Uliona uso wa Duane?"

Alhamisi, 13 Februari

Gazeti limetoka. Hotuba ya Arlys nimeinukuu kamili, haikuchukua nafasi. Hakuna aliyepiga simu kulalamika.

Jumamosi, 15 Februari

Arlys amekwenda nyumba kwa nyumba kwa wajumbe wote watano kuomba radhi, kila mmoja na kopo la biskuti. Duane anasema alilia kidogo. Sikumuuliza nani.

Ijumaa, 28 Februari

Maji yanadondoka kwenye michirizi ya paa. Barafu imeanza kuota jasho. Binti wa Arlys amepata nusu ya nauli aliyolipa. Nyingine shirika limegoma kurudisha.

Jumanne, 11 Machi

Matope. Kikao. Nilidhani kitakuwa kifupi.

Renata akausoma muhtasari wa Februari. "Bi Arlys Stenerud, Mtaa wa Birch: alipinga. Alisema: Hapana."

"Kuna marekebisho?" akauliza Duane, tayari anafunua ukurasa.

Arlys akainua mkono. Katika miaka ishirini na sita ya kukaa kwenye chumba hiki, sijaona mwananchi akiomba muhtasari urekebishwe. Duane akafunga ukurasa.

"Ningependa isomeke 'Hapana, asante'," akasema Arlys.

"Hukusema asante," akasema Renata, bila ubaya.

"Nilikusudia."

"Mama Stenerud, kama kuna kitu nimejifunza hapa ni kutoandika mlichokusudia bila kuwauliza. Lakini pia siandiki ambacho hakikusemwa. Mimi nilisikia neno moja."

"Mimi nilihisi kama asante ilikuwepo," akasema Merle.

"Ilikuwepo wapi?"

"Hewani."

Duane akaangaza chumba, na nikajua macho yake yanakwenda wapi kabla hayajafika. "Doreen. Wewe ulikuwepo, na wewe huandika kila kitu. Njoo kwenye kipaza sauti, tafadhali."

Mwandishi hashiriki. Hiyo ni kanuni yangu, na imenipa mkate miaka yote. Lakini nilikuwa nimeulizwa jambo la kweli au si kweli, na hilo siwezi kulikataa. Nikatoka kwenye kiti changu karibu na bomba. Kutoka mbele, chumba ni kikubwa kuliko unavyodhani. Nikataja jina. Nikataja mtaa. LaVonne akamzungusha kuku.

Arlys alikuwa ananitazama, mikono juu ya mkoba. Ningeweza kusema bomba lilikuwa linagonga, sikusikia vizuri. Lilikuwa linagonga kweli. Lakini nilisikia vizuri.

"Hakusema asante," nikasema. "Alisema hapana, akanyamaza." Nikamwona anashusha kidevu. "Ila kabla ya kusema, alikwenda nyuma akaweka sinia la keki ya siagi ya karanga. Hilo nililiona kwa macho, na halimo kwenye muhtasari."

Wakanong'onezana pale mezani, jambo wanaloruhusiwa, kwa kuwa kilikuwa kikao na mimi nilikuwa shahidi, si mtoa maoni. Kuku akawa anatiktika. Nilibaki nimesimama; dakika zilikuwa zangu.

"Karani," akasema Duane, "sinia ni jambo lililotokea?"

"Lilitokea," akasema Renata. "Nilikula vipande vitatu."

Kuku akalia. Nikarudi kukaa.

Muhtasari wa Februari, kama ulivyopitishwa na kama utakavyotoka Alhamisi, neno kwa neno: "Bi Arlys Stenerud, Mtaa wa Birch: alipinga. Alisema: Hapana. Alileta keki."

Baada ya kikao lilibaki sinia la leo, la malimau, na kipande kimoja katikati. Merle alikuwa ameshachukua kisu akikipima nusu. Arlys akapita chini ya mkono wake, akakichukua kizima, akakila amesimama pale pale mbele ya watu wote.